Njaa ya Bwawa la Tatu

Sharubu alianza kuheshimiwa alipokufa. Enzi za uhai wake hakuna mtu aliyepanda tuta la bwawa la tatu ila kwenda kumfokea. Sasa Inspekta mzima alikuwa amepiga magoti juu ya tuta hilo hilo, suruali yake ya kazi ikilowa, akichungulia ukingo kama mtu aliyeangusha pete ya ndoa.

"Afande, hayo ni matope," Koplo alisema nyuma yake.

"Nayaona."

"Nasema tu kwa sababu ya suruali."

"Suruali itafuliwa. Acha kulinda nguo yangu, njoo utazame hapa."

Bwawa lilikuwa shimo la mstatili lililotandikwa plastiki nene nyeusi kutoka juu hadi chini. Maji yalimzidi mtu mzima kimo, na kutoka usawa wa maji hadi ukingoni plastiki ilipanda wima, imevaa mwani wa kijani unaoteleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ndani ya ule mwani kulikuwa na michirizi. Minne hapa, minne pale. Ilianza karibu na kona, ikafuata upande mzima, ikakata kona, ikaendelea upande wa pili.

Koplo aliinyooshea vidole vyake mwenyewe bila kuigusa, kisha akavirudisha haraka mfukoni.

"Ni kucha hizi."

"Kucha za nani?"

"Za marehemu, afande. Daktari alisema kucha zake zilijaa uchafu wa kijani."

"Na Bosi alituandikishia nini?"

"Kwamba Sharubu aliingia bwawani asubuhi kuiba samaki, akateleza, akazama papo hapo."

"Mtu aliyezama papo hapo hazunguki bwawa zima akitafuta pa kutokea." Inspekta alisimama akajipangusa magoti. "Huyu alihangaika, Koplo. Alihangaika mpaka akachoka. Sasa nenda kwenye kona ya bwawa la kwanza, niambie unaona nini."

Koplo alikwenda. Kwenye kona ya bwawa la kwanza palikuwa na kigingi cha chuma, na kwenye kigingi ilifungwa kamba nene yenye mafundo, imening'inia hadi majini. La pili, vivyo hivyo. Aliporudi bwawa la tatu alikuta kigingi kitupu, kimesuguliwa shingo mpaka kinang'aa.

"Kamba haipo."

"Na bila kamba?"

Koplo aliutazama ule utelezi wa kijani. Alishuka nao kwa macho mpaka majini.

Mwenye shamba aliitwa Bosi usoni, lakini wafanyakazi walimwita Kipimo, na mwenyewe alilipenda jina. Alipima chakula cha samaki, alipima sukari ya jikoni kwake, na watu walisema hata salamu aliitoa kwa gramu. Tangu msimu uanze alikuwa na jaribio lake. Mabwawa matatu, kambale wa umri mmoja, idadi moja. Bwawa la kwanza lililishwa kilo tatu za chakula kila siku kwa kila kilo mia za samaki. La pili kilo mbili. La tatu kilo moja. Alitaka kujua kambale anaweza kunyimwa kiasi gani na bado akakua. Sharubu, mlishaji, aliyeitwa hivyo kwa sababu ncha mbili ndefu za sharubu zake zilimfananisha na samaki aliowalisha, ndiye aliyebeba makopo na kumwaga.

Chumba cha Sharubu kilikuwa nyuma ya ghala. Mjane wake alikuwa amekaa kizingitini, vitu vyake vyote vimefungwa kwenye shuka mbili. Ndani, katikati ya sakafu, ulikaa mfuko wa chakula cha samaki uliofunguliwa mdomo. Polisi wa zamu waliukuta jana, baada ya Kipimo kuwaelekeza, na Inspekta alikuwa ameamuru usiguswe.

"Shikamoo, mama," Koplo alisema, ingawa mwanamke yule hakumzidi umri.

"Nimeambiwa niondoke leo," mjane alisema. Hakuitikia. "Nimekubali. Mimi sina neno na chumba. Nina neno na ule mfuko."

"Ulikuwepo humu siku mumeo alipofariki?" Inspekta aliuliza.

"Dada yangu, mimi nimefagia sakafu hiyo asubuhi ile ile. Nikaitwa bwawani. Nikalala chumba cha maiti siku nzima na usiku wake, nikisubiri daktari. Jana narudi, nakuta watu wamejaa mlangoni kwangu wananyooshea mfuko. Mume wangu kashaitwa mwizi na kijana wa lango, na muuza duka, na watu ambao hata ndevu zake hawazijui."

"Unataka nini?"

"Yule mzee aje asimame hapa, aseme mume wangu hakuwa mwizi. Afungwe asifungwe, hiyo ni kazi yenu. Mimi nataka aliseme kwa mdomo wake ule ule."

Inspekta aliingia, akachota chakula mfukoni, akakimwaga kwenye karatasi ya kaki. Vilikuwa vidonge vya kahawia, vikubwa kama punje za mbaazi. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake.

"Mnaniachia nini?" mjane aliuliza.

"Subira," Inspekta alisema. Lilikuwa jibu la kikatili, naye alijua, lakini hakuwa na lingine.

Koplo alikuwa na mtu wake tayari. Alimtaja walipokuwa wakirudi mabwawani, akimhesabia sababu kwenye vidole. Ni shemeji yake Kipimo, kaka wa mke wake, dereva wa gari la chakula. Alishikana mashati na Sharubu mbele ya watu, wakigombea mifuko iliyopungua. Alisikika na shamba zima akisema, 'Nitakuzamisha wewe na sharubu zako.'

"Alisema hivyo?"

"Kwa sauti, afande. Mashahidi tele."

"Watu wanaotaka kuzamisha wenzao huwa hawatangazi kama wauza nyanya. Lakini mlete."

Hawakuhitaji kumtafuta. Pikapu iliingia langoni ikipiga honi, na Shemeji akashuka na tumbo lake mbele, anacheka kabla hajaambiwa kitu.

"Mmekuja kunikamata? Ngoja kwanza nishushe mzigo. Huyu mzee wenu akikosa mfuko mmoja ananipigia simu kama nimemwibia mke."

"Juzi asubuhi ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Juzi?" Shemeji alimgeukia Koplo, macho yakimcheka. "Mwulize bwana huyu."

"Usicheze na kazi yangu," Koplo alisema.

"Kazi yako ndiyo iliyonilaza kwenye simenti! Si wewe ulinisimamisha barabarani usiku wa kuamkia juzi ukaninusa mdomo? Ukanifungia, ukasahau hata kuniletea maji. Nimetoka juzi jioni, mgongo umepinda kama kibiriti kilicholowa."

Inspekta alimwangalia Koplo. Koplo alimwangalia yule mtu kwa mara ya kwanza sawasawa, akakuna kisogo.

"Niliandika jina lake la kitambulisho, afande. Sikujua ndiye Shemeji."

"Umemtafuta mtuhumiwa wako shamba zima," Inspekta alisema polepole, "kumbe ulikuwa umelalia funguo za selo yake. Pole sana. Nenda kavute pampu ya maji tuliyokuja nayo."

Koplo aliondoka masikio yanamwaka. Inspekta alimwonyesha Shemeji vidonge vilivyo kwenye karatasi ya kaki.

"Hivi unavijua?"

"Nisivijue, na ndivyo vinavyonipa kula? Hivi ni vya samaki waliokwisha kuwa wakubwa. Wakiwa wadogo unawapa vidogo, kama mtama. Mzee ametumia vidogo tangu aanze. Vikubwa nimemletea jana, mara ya kwanza. Nimeshusha mwenyewe, yeye akafunga ghala, akauning'iniza ufunguo shingoni kwake kama kawaida."

"Jana."

"Jana mchana. Marehemu alikuwa kashalala kwenye barafu. Sisi tulikuwa tunagombana, ndiyo. Lakini yule bwana nilimzoea. Ningempata nani tena wa kumtukana?" Alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani, akaenda kushusha mifuko.

Kipimo aliwapokea ghalani, amesimama kando ya mzani kama kasisi kando ya madhabahu. Alikuwa mzee mkavu, shati limepigwa pasi, kamba ya ufunguo shingoni. Alimtazama Inspekta kuanzia kwenye magoti yenye matope kwenda juu.

"Binti, umechafuka."

"Inspekta," alisahihisha. "Nimekuja kujifunza. Nielezee hili jaribio lako."

Alieleza. Alieleza kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuulizwa. Kila asubuhi alipima mwenyewe chakula cha kila bwawa. Alikitia kwenye kopo lenye mfuniko, akaufunga mfuniko kwa waya, akamkabidhi mlishaji. Kopo lilirudi tupu, likakaguliwa. Hakuna punje iliyopita bila yeye kujua.

"Hata moja?"

"Hata moja. Mimi si mtu wa kukadiria."

"Na ufunguo wa ghala?"

Aliugusa pale kifuani. "Nalala nao. Naoga nao. Mke wangu hajawahi kuushika."

"Kwa hiyo bwawa la tatu lilikula kilo moja kwa mia, na si zaidi."

"Lilipaswa." Uso wake ulibadilika, ukakaza kama ngozi ya ngoma. "Wiki hii tumepima. Tukatupa wavu kila bwawa, tukatoa samaki wachache, tukawaweka mzanini. La kwanza, samaki wazuri. La pili, wa wastani. La tatu..." Aligonga mzani kwa kidole. "La tatu walikuwa wakubwa kuliko wote. Samaki niliowanyima! Wamenenepa kuliko niliowashibisha. Mbele ya wageni wangu, wafugaji wenzangu niliowaalika waje waone. Walinicheka, binti. Mmoja aliniuliza kama na watoto wangu niliwakuza kwa kuwanyima."

"Ukaamua nini?"

"Kuna kuamua? Samaki hanenepi kwa hewa. Mtu aliwalisha kwa siri. Na mtu huyo, mbele ya wageni wale wale, kabla hatujatupa wavu, alinyanyua kichwa akasema, 'Bosi, hawa wana njaa.' Mlishaji! Ananifundisha mimi njaa. Wavu unapanda, samaki kama mapaja ya mtoto. Alikuwa ananiibia chakula anawapa, kisha ananidhihaki. Na mfuko wa wizi umekutwa chumbani kwake, mmeuona wenyewe."

"Nimeuona. Sasa naomba kuwaona samaki."

"Si nimekwambia walivyo?"

"Umeniambia wachache. Mimi nataka wote."

Pampu ilinguruma mpaka maji ya bwawa la tatu yakabaki ya magotini, kisha ya kifundoni, kisha yakawa matope yanayochemka. Aliyeshuka na wavu, kwa kushikilia kamba waliyoazima bwawa la pili, alikuwa mtaalamu wa ofisi ya uvuvi, kijana wa miwani aliyevaa mabuti mapya na kuyahurumia. Inspekta alikuwa amemwomba aje kwa sababu alihitaji mtu ambaye mahakama ingemwamini. Mjane alisimama kwenye tuta. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza.

Samaki walitolewa wakatiwa kwenye mapipa. Wale wakubwa walitoka kwanza, weusi, wazito, wakipiga mikia kama watu waliokosewa adabu. Baada yao wavu ulivuta matope mara kadhaa. Kisha vikaja vitu vingine: samaki wembamba, vichwa vikubwa, miili kama mkanda wa suruali, wengine hawana mkia, wengine wana shimo ubavuni linaloonyesha ndani.

Halafu wavu ukaja mtupu. Ukaja mtupu tena.

"Wako wapi wengine?" Kipimo aliuliza.

Mtaalamu alikung'uta wavu.

"Nauliza wako wapi wengine? Nilitia mamia humu. Hapa hapajajaa hata mapipa mawili. Mnaona? Mwizi! Aliniibia na samaki!"

"Kisu," Inspekta alisema.

Koplo alimpa. Inspekta alimchagua samaki mkubwa kuliko wote, akampiga kichwani mara moja kwa mpini wa jembe, akamlaza kwenye ubao na kumpasua tumbo. Akafungua mfuko wa chakula wa yule samaki, akakamua. Kikatoka kichwa. Kichwa kidogo cha kambale, sharubu zake bado zimekamilika, macho yameyeyuka. Nyuma ya kichwa ukafuata uti wa mgongo.

"Wa pili," alisema, akapasua. Mkia. Mapezi. Nusu ya mwenzake.

"Mtaalamu," alimwita bila kuinua uso, "mwelezee huyu mzee. Kwa maneno mepesi."

Mtaalamu alijipangusa miwani. "Mzee, chakula kikitosha, wote wanapata, wanakua karibu sawa. Kikiwa kidogo kiasi hiki, mwenye nguvu anawahi, mnyonge anakosa. Kesho mwenye nguvu kaongezeka, mnyonge kabaki pale pale. Siku mdomo wake unapoweza kummeza mwenzake, hasubiri tena kopo lako. Hawa hawakulishwa kwa siri. Hawa wamekulana."

"Walikuwa wakubwa," Kipimo alisema. "Mzani ulisema."

"Waliokuwa wakubwa ndio uliowapima. Ulitazama samaki mmoja mmoja. Hukuhesabu waliobaki. Ukiweka bwawa zima mzanini, hili haliifikii hata robo ya la kwanza."

Kipimo alikitazama kile kichwa kidogo kwenye ubao. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayefanya hesabu.

"Kwa hiyo Sharubu alisema kweli," Inspekta alisema. "Walikuwa na njaa. Sasa tuzungumzie wizi. Mfuko wa chumbani kwake una vidonge vikubwa. Vidonge hivyo vimefika hapa jana mchana. Juzi alikuwa ameshakufa. Wewe ndiye mwenye ufunguo, unalala nao, unaoga nao, mkeo hajaushika. Umeniambia mwenyewe, nikakuacha umalize kujipiga kifua. Koplo, ingia ghalani, nyuma ya mifuko."

Koplo alirudi amebeba kamba yenye mafundo. Sehemu ya juu ilikuwa kavu na safi. Sehemu ya chini, kijani. Alikwenda kwenye kona, akaipima na kigingi kilichosuguliwa, ikakaa kwenye alama zake kama kidole kwenye pete.

Mjane alitoa sauti ndogo, si kilio. Kama mtu aliyejichoma sindano.

"Ulimwingiza mwenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Aliingia kwa miguu yake." Kipimo alizungumza bila haraka, kama anasoma bei. "Nilimwambia ashuke anikamatie samaki mmoja, nimwonyeshe unene wake. Alishuka. Nikavuta kamba. Nikamwambia, utatoka ukishasema ulikoficha chakula changu."

"Alisema nini?"

"Alisema hajawapa kitu. Nikamwambia sina haraka. Nikaenda kunywa chai."

"Ulimsikia huko ndani?"

"Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anaita, bosi, bosi. Hilo si jibu. Mimi nilimwuliza swali, nikasubiri jibu. Baadaye akanyamaza, nikadhani anafikiri."

Hata Shemeji, aliyekuwa amesimama mbali na mfuko begani, aliutua chini. Mtaalamu alitazama mabuti yake. Koplo alitoa pingu, na mikono yake ilikuwa na hasira kuliko ilivyoruhusiwa. Inspekta alimgusa bega, akamtuliza.

"Bado kitu kimoja," alisema. "Mama, sogea."

Mjane alishuka tutani. Alipita kando ya mapipa, kando ya ubao wenye damu, akasimama mbele ya mzee yule karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake.

"Mume wangu alikuwa anarudi chumbani hataki kula," alisema. "Anasukuma sahani, anasema samaki wa bwawa la tatu wanamtazama. Nikamwambia, wewe mwanamume, unawaonea huruma samaki? Nikamcheka." Alikaza kanga kiunoni. "Sema hakuwa mwizi. Halafu niombe radhi. Nitachukua vitu vyangu, sitakusumbua."

Pingu zilifunga. Kipimo alizitazama, akazungusha kiganja kidogo kama anayekagua kama zimelingana. Kisha akautazama mzani uliosimama mlangoni mwa ghala, na yale mapipa mawili yasiyojaa.

"Hakuiba," alisema. "Hesabu imeonyesha. Nilipima vibaya, nilipaswa kuwahesabu. Hilo kosa nalikubali, na mtu akitaka kurudia jaribio hili aanze na kuhesabu."

"Na radhi?"

Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu mumewe aajiriwe.

"Alinisema mbele ya wageni," alisema Kipimo. "Siombi."